Kichwa cha Muvumu

Mzee Munyaneza alitangaza kwamba anarudi Masisi huku ameshika kikombe cha uji, kwa sauti ileile ambayo mtu huitumia kuomba chumvi.

"Siku ya posho nitaondoka," alisema, na huko Goma siku ya posho ndiyo Jumamosi. "Nimekwisha semezana na Lionel, kijana wa pikipiki. Atanifikisha Sake na moto yake, kisha pale nitatafuta gari."

Binti yake, Dative Mukantwari, alikuwa ameinama anafunga viatu ili awahi shuleni. Kamba ikabaki mkononi. Kurudi Masisi! Mzee wa miaka sabini na nane, mwenye goti moja bovu, anarudi kwenye kilima ambako nyumba yake haina bati wala mlango, ambako ng'ombe wake wa mwisho waliliwa na watu wenye bunduki, na ambako hakubaki jirani hata mmoja wa kumtekea maji. Angesema anakwenda mwezini, Dative angepata angalau nafasi ya kucheka.

"Papa, kule iko nani?"

"Kilima iko."

"Kilima kitakupikia?"

Mzee akanywa uji. Alikuwa na namna yake ya kunywa uji ambayo ilifunga mjadala wowote, na tangu utoto wake Dative hakuwahi kuishinda.

Sasa, Dative hakuwa mtu wa kulialia. Alikuwa amefundisha jiografia miaka ishirini na miwili katika shule ya sekondari pale Ndosho, mtaani kwake, darasa la wanafunzi sabini, ukuta wa mbao, na nje mafundi wa milango ya chuma wanagonga kutwa nzima. Kazi hiyo huiwezi kama machozi yako yako karibu. Lakini asubuhi ile alitembea analia waziwazi kati ya pikipiki na mikokoteni, watu wakampisha njia kwa adabu, wakidhani amefiwa.

Na kwa nini asilie? Kumpata baba huyo kulimgharimu jasho. Vita vilipomtoa mzee Masisi, alikataa katakata kuja kukaa kwa binti yake. "Sitaki kuwa muzigo," akasema, akaenda kulala chini ya hema la plastiki kule Kanyaruchinya pamoja na wakimbizi wengine. Kila Jumapili baada ya misa Dative alipanda kule kumbembeleza, kila Jumapili akarudi peke yake. Kambi ilipovunjwa na watu kuambiwa waondoke, hapo tu ndipo mzee alipotokea mlangoni pake na blanketi, fimbo, na kipande cha fromage, jibini ya Masisi, alichokipata wapi Mungu ndiye ajuaye.

"Hii ni yako," alimwambia. "Najua unaipenda."

Dative haipendi fromage. Harufu yake tu humfunga koo. Lakini alikula, kipande chote, huku baba anamtazama kwa furaha.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko alivyothubutu kuomba. Dative ni mjane, mwanawe wa pekee anafanya kazi Kisangani, na nyumba ilikuwa imezoea kimya. Sasa kulikuwa na mtu wa kulalamika kwamba maharage hayakuiva, wa kumwuliza redio inasema nini, wa kukaa kwenye lango na kuwapa wapita njia majina ya ng'ombe kufuatana na mwendo wao. Fundi mmoja wa milango ya chuma mzee alimwita Bihogo, na yule fundi akalikubali jina.

Halafu, wiki tatu kabla ya uji ule, mzee akabadilika. Alianza kukunja blanketi lake kila asubuhi, kona kwa kona. Aliacha kulalamika juu ya maharage. Akiletewa maji ya kunawa alisema, "Asante sana, Mama." Mama! Baba anapomshukuru binti yake kwa maji ya kunawa, hapo kuna jambo, na jambo lenyewe si dogo.

Dative alijipekua mpaka akachoka. Nimemjibu vibaya? Nimesahau siku ya kumkumbuka mama? Hakuona kosa. Tena wiki hiyohiyo ndiyo aliyokuwa amemfanyia baba yake jambo alilomwomba kwa mikono miwili. Rafiki wa mzee, Nsanzimana wa Kibumba, alikuwa amemletea kigingi kibichi cha muvumu, ule mti wa jamii ya mkuyu ambao watu wa milimani hupanda karibu na nyumba, na ambao ukikata tawi lake na kulisimika tu ardhini, linachipua. Mzee alikipokea, akakikata vizuri ncha zote mbili kwa kisu chake, akampa Dative.

"Panda hii ku mulango," alimwambia. "Lakini wewe mwenyewe, mwenye nyumba. Asipande mutu mwingine."

Na Ndosho huko si mahali pa kuchimba kwa jembe. Chini ni mawe ya volkano, meusi, makali, unaweza kupasua kiatu kwa kukanyaga vibaya. Dative aliazima mtaimbo, akagonga nusu siku hadi viganja vikatoka malengelenge, akaomba gunia la udongo mweusi kutoka Kibumba, akajaza shimo. Kigingi kilikuwa na ncha moja iliyokatwa mshazari na nyingine iliyokatwa sawasawa. Mwalimu akafikiri kama mwalimu: ncha ya mshazari iwe juu, maji ya mvua yateremke, mti usioze. Akasimika, akashindilia, akamwagilia. Mzee aliporudi kutoka kanisani alisimama mbele ya kile kigingi kwa muda mrefu, kofia mkononi.

"Sawa," alisema, akaingia ndani.

Dative alidhani ni furaha.

Siku ya Jumanne ya wiki ile ya uji, darasani kulikuwa na somo la mazingira ya nchi kavu duniani. Dative alichora ubaoni kama alivyochora kila mwaka. Upande mmoja msitu mnene, ule wa kwenda Walikale, matawi yameshikana hadi jua halishuki. Upande wa pili jangwa. Katikati akapanga savana na nyika za majani matupu. Juu kabisa akaweka misitu ya baridi ya misonobari, na juu yake toundra, ambako udongo umeganda kuwa barafu na mti hauoti. Kisha, kati ya msitu na savana, akaandika maneno ya kitabu: *forêt claire*, pori la miti. Miti mingi, lakini matawi hayajafunga anga; mwanga unafika chini, majani yanaota.

Msichana wa dawati la pili, jina lake Mimi, ambaye hakumpa mwalimu yeyote pumziko, akanyoosha mkono.

"Madame, savane pia iko na miti na majani. Tofauti ni nini?"

Dative akasoma asilimia zilizokuwa kitabuni. Anga iliyofunikwa asilimia kadhaa, hii. Chini ya hapo, ile. Wanafunzi sabini wakaandika asilimia, na nyuso sabini zikabaki hazijaelewa kitu. Na ukweli usemwe, hata yeye mwenyewe hakuwahi kulala usiku mmoja kwenye pori la miti. Alilijua kwa kitabu tu.

Jioni, jua likiwa bado juu ya paa, alimwuliza baba yake bila matumaini makubwa. Munyaneza alipokuwa kijana, kabla hajahamia Masisi, alichunga ng'ombe wa mjomba wake kule chini kwenye bonde la Rutshuru, kati ya miti ya miiba.

"Papa, utajuaje kama hii ni pori ya miti na hii ni savane?"

Mzee aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, macho yake yalikuwa ya mtu aliyeko pale.

"Nani hajui ile?"

"Mimi."

"Ouh!" Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Na wanakulipa?"

Hapo wazo likamjia Dative. Mtu akiona ana kazi mahali, labda atabaki. Akamwomba aje darasani siku ya Ijumaa awaeleze watoto mwenyewe. Mzee alifikiri, akasema sawa, Ijumaa ni mbele ya Jumamosi, haimuharibii safari. Neno lile la mwisho lilimchoma, lakini alilimeza.

Ijumaa mzee alivaa koti lake la misa. Aliingia darasani na fimbo, wanafunzi wote wakasimama, akawapungia wakae. Dative akaenda kusimama nyuma, karibu na dirisha, chaki bado mkononi.

"Mimi sikusoma," mzee alianza. "Nilikuwa na ng'ombe tu, na sasa hata ng'ombe sina. Lakini ng'ombe ni mwalimu. Sikilizeni. Asubuhi unaingiza ng'ombe. Kama ameingia na haumuoni tena mpaka atoke yeye mwenyewe, ile ni musitu. Kama unamuona tangu asubuhi mpaka mangaribi, unakaa, unasinzia, unaamka, uko unamuona tu, ile ni majani matupu. Lakini kuko mahali unamuona, unamupoteza, unamuona tena. Muti unamuficha, muti unamurudisha. Siku nzima ni vile. Pale njo pori ya miti."

Kalamu sabini zilisimama. Hata mafundi wa nje walikuwa kama wamepumzika.

"Na savane, Muzee?" aliuliza Mimi.

"Savane unamupoteza mara moja. Tena ni kosa yako, ulilala."

Wakacheka wote. Gradi, kijana mrefu wa nyuma, akataka kujua kuhusu jangwa. Mzee akasema jangwani unamwona ng'ombe vizuri sana, na kesho yake unaona mifupa yake vizuri zaidi. Na toundra? Mzee akamgeukia binti yake.

"Madame wenu anasema kule udongo ni barafu. Basi ng'ombe yangu haendi. Wachunge yao ile ya manyoya."

"Iko kweli, Papa," Dative alisema akicheka. "Wako na wanyama wa pembe, wenye manyoya, wanawachunga kule."

"Mumesikia? Nilijua."

Dative akaja mbele, na siku hiyo somo lilimtoka mdomoni kama lilivyopaswa kutoka tangu mwaka wake wa kwanza. Aliwaambia kwamba mahali pale pa kuona na kupoteza pako duniani kote. Ni pale ambapo mvua haikutosha kuufunga msitu, wala haikupungua kiasi cha kuua mti. Katanga kuna miombo, inapita Zambia mpaka Tanzania. Ulaya ya kusini kuna mialoni iliyoachiana nafasi, na nguruwe wanakula matunda yake chini. Australia kuna mikaratusi, hiihii ambayo hapa tunaipanda mistari kwa ajili ya nguzo na makaa. Kule imejipanga yenyewe, kila mmoja na kivuli chake. Na kwa kuwa jua linafika chini, wanakula wote: anayekula majani ya juu, anayekula nyasi, na nyuki. Gradi aliandika haraka hadi kalamu ikatoboa karatasi.

"Na hapa Goma?" Mimi aliuliza. "Ku mawe ya volcan, pori inaweza kuota?"

"Volcan inajipandia," mzee akamjibu. "Angalia mawe ya zamani njia ya Sake. Kwanza kitu cheupe kama ukungu, kisha vijani vidogo, kisha miti inasimama mumoja mumoja. Inachukua maisha ya watu wawili. Kama uko na haraka, unachukua muvumu."

Akainua fimbo yake awaonyeshe. "Muti wowote uko na kichwa na miguu. Ukikata, miguu unaikata mushazari, ili iingie udongo vizuri. Kichwa unakata sawasawa. Na uangalie macho yake, pale jani litatokea: yanaangalia juu. Kichwa juu, miguu chini, njo inaota."

"Na kama unaigeuza?" akauliza Gradi kwa utundu. Darasa likacheka.

Mzee hakucheka. Aliweka fimbo chini polepole.

"Ku kilima yetu hakuna mutu anaigeuza bila kujua. Sijui wengine, nasema kilima yetu. Muzee akifika kukaa kwako, anakupa muvumu, wewe mwenye nyumba unaipanda ku mulango. Ukiipanda kichwa juu, umemwambia: kaa. Lakini kama humuwezi, utamwambia je muzee, toka kwangu? Kwa mudomo? Aibu! Unapanda muti wake kichwa chini, unanyamaza. Yeye anaona, anaelewa, anafunga vitu vyake. Hakuna aliyemukosea mwenzake heshima." Akavuta pumzi. "Ni desturi nzuri. Haina makelele."

Chaki ilianguka kutoka mkononi mwa Dative ikavunjika vipande viwili. Aliiona ile ncha ya mshazari, juu kabisa, ikiangalia mbingu. Aliona blanketi lililokunjwa kona kwa kona. Asante sana, Mama. Mungu wangu, alijisemea, wiki tatu nimemwambia baba yangu aondoke, kila asubuhi, kila akitoka, kila akiingia.

Alitaka kupiga kelele palepale, lakini wanafunzi walikuwa wamesimama wanapiga makofi, kengele ya rimu ya gari inagongwa, Mimi anamshika mzee mkono. Dative alipojipenyeza hadi mlangoni, baba yake alishafika barabarani, anachechemea na koti lake, akiwa ameshiba heshima na yuko tayari kwa safari.

Alimkimbilia. Mwalimu wa miaka arobaini na tisa, anakimbia Ndosho na sketi ya kazi! Alimfikia mbele ya mafundi wa milango, na mashine ya kusagia chuma ilikuwa inalia kwa nguvu zake zote.

"Papa! Sikujua!"

"Eh?"

"Muvumu! Sikujua!"

"Unasema je?"

"NILIIGEUZA JUU YA MVUA!" Na katika neno la mwisho, fundi akazima mashine. Barabara nzima ikageuka kumwangalia mwanamke anayepiga kelele juu ya mvua, jua kali liko utosini. Dative hakujali. "Nilifikiri mushazari ikae juu, maji iteremke. Sikujua kichwa wala miguu. Hakuna aliyenifundisha, Papa. Sikutaka uende. Sijawahi kutaka uende."

Mzee alimtazama.

"Mutoto wa mufugaji," alisema, "haujui kichwa ya muti?"

"Ningejulia wapi? Ulinipeleka internat, kulala kulekule ku masomo, niko na miaka kumi."

Fundi aliyeitwa Bihogo, maana ndiye aliyekuwa na mashine, akaangalia pembeni kwa adabu na kuanza kufuta miwani yake.

Wakatembea kwenda nyumbani. Langoni mzee alipiga goti lake zima, akakishika kigingi, akakitikisa, akakichomoa. Kilitoka na udongo mweusi. Ncha ya chini, ile iliyokuwa kichwa, ilikuwa imelowa na kuwa kahawia. Dative alijishika kifua.

"Kimekufa?"

Mzee alikwaruza gamba kwa ukucha wa kidole gumba, juu kidogo ya ile sehemu ya kahawia, akangoja. Tone jeupe likatoka, dogo, likakua, likateremka kwenye kidole chake.

"Bado iko na maziwa," alisema.

Akatoa kisu, akaondoa sehemu iliyooza, akakigeuza kigingi kikakaa inavyotakiwa. Lakini hakukisimika. Alikaa chini juu ya jiwe, mti mapajani.

"Nilisema, amenirudishia," alianza. "Nilipouona kichwa chini, nilisema ni ile ya camion, lori iliyokupeleka masomo. Mimi nilimutuma akiwa mutoto, yeye ananituma nikiwa muzee. Nikasema ni haki yake. Njo maana sikukuuliza."

Dative akakaa kando yake. Angeweza kusema hapana, Papa, sikufikiri hivyo hata siku moja. Lakini mbele ya ule mti hakuweza kudanganya.

"Nilifikiri ulinifukuza," alisema. "Mama alikuwa amekufa, mimi nilikuwa muzigo. Ulinipandisha ku camion ya fromage, ukaenda zako. Nililia mpaka Sake. Miaka yote hii nimefikiri hivyo."

"Nilienda wapi?"

"Ulipanda kilima. Nilikuona umenipa mugongo."

"Nilipanda juu ili nikuone!" Mzee alimgeukia, na machozi yalikuwa yanashuka kwenye mikunjo ya uso wake bila yeye kuyafuta. "Chini barabara inapinda, hauoni kitu. Nilikimbia mpaka juu. Gari ilikuwa inateremka kati ya miti. Nilikuona, umekaa juu ya magunia na kile kitambaa chekundu. Nikakupoteza. Nikakuona tena. Nikakupoteza. Mara saba, Dative. Nilihesabu. Ku kona ya mwisho nilingoja, nikangoja, haukutoka tena. Nilikaa pale mpaka ng'ombe wakarudi wenyewe."

Dative aliuchukua mkono wa baba yake wenye maziwa ya mti na kuuweka shavuni pake, kama alivyofanya alipokuwa mtoto na jino likimwuma.

"Kwa nini hukunipungia mukono?" aliuliza baadaye.

"Nilipunga. Hata kofia nilipunga. Haukugeuka."

"Nilikuwa na hasira," alisema, akicheka na kulia pamoja. "Na ile fromage, Papa, ilikuwa inanuka! Mpaka leo siiwezi."

Mzee akakaa wima. "Hauipendi?"

"Hata kidogo."

"Ile nilikuletea?"

"Nilikula juu yako, ufurahi."

"Ouh, mutoto wangu!" Akatikisa kichwa sana. Jambo la camion alikuwa amelibeba kiume, lakini hili la fromage lilimshinda kabisa, akacheka hadi akakohoa.

Walisimika muvumu pamoja. Mzee alishika, Dative akashindilia, maana ni lazima apande mwenye nyumba. Kichwa juu, miguu chini, macho yakiangalia mbinguni. Alipomaliza alisimama mbele ya baba yake, mikono michafu, na kwa kuwa kilimani kwao jambo hilo halisemwi kwa mdomo, yeye akalisema.

"Kaa, Papa."

Mzee alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Aliingia ndani. Baada ya kitambo Dative akamsikia analalamika kwamba maharage ya jana hayakuiva.

Jumamosi asubuhi Lionel alifika na moto yake, akapiga honi langoni. Dative alikuwa anatoka na daftari zake, kwa sababu Jumamosi pia kuna masomo hadi saa sita.

"Muzee, mizigo iko wapi?" Lionel aliuliza. "Twende mapema, njia ya Sake inajaa."

Mzee Munyaneza alikuwa amekaa karibu na muvumu wake, anaumwagilia maji kwa kikombe chake cha uji.

"Mizigo hakuna," alisema. "Mupeleke huyu mwalimu ku masomo. Na uende polepole, ni mutoto wangu."

Dative akapanda. Lionel akaondoa pikipiki, wakaingia kwenye msongamano wa Ndosho, mikokoteni ya mbao, kina mama na mabeseni ya ndizi, magari yaliyobeba mchanga. Safari hii Dative aligeuka. Alimwona baba yake amesimama wima pamoja na goti lake bovu, kofia juu. Lori la mchanga likamficha. Akamwona tena. Rundo la mbao likamficha. Akamwona tena, bado anapunga, akapunga naye kwa mkono mzima, akihesabu.

"Mama, utatuangusha!" Lionel alipiga kelele. "Kaa vizuri!"

"Ngoja kidogo," alisema Dative. "Bado ananiona."